Mamba na Kokoto za Kupendwa

Haya, paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa bwawa.

Bwawa la nani?

— La kila mwenye kiu.

Basi kaeni vizuri. Na wewe uliyekaa pale mlangoni, hiyo simu igeuze kifudifudi, haitakufa. Mpo kumi na saba. Nimewahesabu kwa bahati mbaya tu, macho yalipita. Mimi sihesabu wasikilizaji. Akibaki mmoja nitamsimulia huyo huyo, na wakija hamsini sitapandisha mabega. Tumeelewana? Tuendelee.

Zamani, katika nyika fulani, palikuwa na bwawa moja tu la maji, jina lake Mvumo. Na kando ya Mvumo palikuwa na desturi moja nzuri, iliyoanza kwa nia njema kabisa. Kila mnyama alikuwa na mahali pake pa kukaa ukingoni. Mnyama akifanya jambo likakufurahisha, unaokota kokoto, unaiweka mahali pake. Chiriku kaimba vizuri, ko! kokoto moja. Twiga kamwonyesha mgeni njia, ko! kokoto moja. Unaweka, unanyamaza, unakwenda zako. Mwenyewe akirudi anaiona, anafurahi, maisha yanaendelea.

Aliyeharibu ni Hondohondo. Ndege yule ana mdomo mkubwa kuliko kichwa, na hakuwa na kazi. Asubuhi moja alitua juu ya mgunga, akatazama chini, akaanza kuhesabu kokoto za kila mtu. Alipomaliza akatangaza.

"Hoo! Ho-ho-hoo! Twiga, mia mbili na nane. Kanga, sabini na sita. Nguchiro, tano. Digidigi, mbili."

Mbili. Bwana Digidigi alikuwa ameishi miaka sita na kokoto zake mbili bila kujua kwamba ni chache. Asubuhi hiyo ndiyo alijua. Akainamisha kichwa, akanywa maji haraka haraka, akaondoka kwa kupitia nyuma ya vichaka.

Tangu siku hiyo hapakukalika. Kila asubuhi Hondohondo anatangaza, na kila asubuhi wanyama wametega masikio. Kanga aliyaacha mayai yake kichakani yakapoa, yeye yuko ukingoni anageuka kulia, anageuka kushoto, madoa yaonekane. Ngedere alikuwa anajiangusha kutoka tawi la juu, pu! Akiinuka anachechemea na kuuliza nani ameona. Hondohondo naye akaona kokoto hazitoshi, akaongeza na nyayo: nani anatembea mbele, na wangapi wanamfuata. Hapo ndipo Ngiri alipoanza kutembea mbele huku akitazama nyuma. Wako watatu, wako wanne, wako wanne, wako wanne, mpaka akatumbukia katika shimo la mhanga, pu! Na wafuasi wake wote wakatumbukia juu yake, pu, pu, pu, pu. Kesho yake Hondohondo akatangaza kwamba Ngiri ana wafuasi wanne, tena waaminifu.

Sasa, Nguchiro. Mnamjua Nguchiro, kamnyama kadogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Alikuwa na watoto wanne na kichuguu kimoja cha kuwalaza. Yeye alikuwa na kokoto tano na hakuwahi kuulizia ya sita. Aliyaona mambo hayo kila asubuhi na kila asubuhi yalimchosha upya. Alikuwa akimkuta Kanga ukingoni anamwambia mayai yako yamepoa, shoga, na Kanga anamjibu ndiyo, lakini jana nilikuwa na sabini na sita, leo sabini na tano, huoni hilo ni kubwa zaidi? Nguchiro anavuta pumzi, anarudi kwake. Angeweza kuishi hivyo mpaka uzeeni, anavuta pumzi na kurudi kwake.

Lakini mvua zikakoma.

Bwawa likapungua. Mwanzoni wote walikuwa wanakunywa pamoja, sasa hapakuwa na nafasi, ikabidi wapange foleni. Nani atangulie? Mtu mwenye akili angesema atangulie mwenye kiu kuliko wote, au mwenye mtoto, au aliyefika mapema. Wao walisema atangulie mwenye kokoto nyingi. Na wakapiga makofi kwa kulifikiria.

Na mwenye kokoto nyingi kuliko wote ni nani? Ni Mamba. Nasema Mamba, huyo huyo mwenye meno. Alikuwa na kokoto elfu moja mia tatu na kumi. Msiniulize zilitoka wapi, mnajua. Mamba alikuwa analala ukingoni, kinywa wazi, jicho moja limefumba na jicho moja linatazama, na kila anayekwenda kunywa maji anapita mbele ya jicho hilo. Ungepita bila kuweka? Ko! unaweka. Ukirudi, ko! unaweka tena. Na jambo la kukasirisha kuliko yote ni kwamba Mamba mwenyewe aliamini. Aliamini kabisa kwamba anapendwa. Jioni alikuwa anazitazama kokoto zake mpaka machozi yanamtoka, na safari hii yalikuwa machozi ya kweli.

Mamba ndiye aliyetunga sheria ya mwisho. Alisema kwa sauti ya upole kwamba wote watakunywa kwa kufuatana na kokoto, na mwenye chache kuliko wote atakunywa wa mwisho, peke yake, wengine wakiwa wameshaondoka. Akasema hapo hakuna ubaya wowote, kila foleni ina mwisho wake.

Anayekunywa peke yake kwenye bwawa la Mamba anakwenda wapi? Siku ya kwanza aliyekuwa na kokoto chache kuliko wote ni Kicheche, alikuwa na moja. Alikwenda kunywa, hakurudi. Hondohondo akatangaza, "Kicheche, ametoka katika hesabu," akaendelea na wengine. Wanyama wakasema masikini, kumbe alikuwa na moja tu. Mnasikia maneno hayo? Mwenzao kaliwa, wao wanazungumzia moja.

Sasa mwenye chache alikuwa Digidigi na mbili zake. Digidigi akajikunja kichakani akiingoja siku yake. Lakini asubuhi iliyofuata Hondohondo alisema, "Hoo! Ho-ho-hoo! Tuna jina jipya. Kidawa wa Nguchiro ametimiza mwaka, anaingia katika hesabu. Kidawa, sifuri."

Kidawa alikuwa kitinda mimba wa Nguchiro. Hajawahi kumwimbia mtu, hajawahi kumwonyesha mtu njia, hana madoa ya kugeuzageuza. Kazi yake ni kulala juu ya mkia wa mama yake. Akamtazama mama yake akauliza sifuri ni ngapi. Nguchiro akamvuta karibu. Akasema siku hiyo hawatakwenda bwawani.

Lakini mtoto anataka maji. Nguchiro alikwenda bwawani kwa zamu yake ya kokoto tano, akanywa, akajilowesha kifua, akarudi mbio kichuguuni, na Kidawa akanyonya maji kwenye manyoya ya mama yake. Jua lilikuwa kali, njia ndefu, na manyoya hukauka. Siku ya kwanza Kidawa alipata mafunda manne. Siku ya pili alipata mawili, na midomo yake ikaanza kupasuka.

Mama angemwekea mwanawe kokoto moja, si ndiyo? Hapana. Ya ndugu haihesabiwi, ndivyo Hondohondo alivyoamua, kuepuka udanganyifu. Basi Nguchiro akazunguka kwa majirani kuomba. Hakuomba chakula wala maji, kokoto tatu tu, mwanawe ampite Digidigi. Halafu akamkumbuka Digidigi mwenyewe kichakani, akaona aombe na za kumwongezea yeye pia.

Alianza kwa Kanga. Kanga akasema, "Shoga yangu, roho yangu inataka. Lakini Hondohondo anatangaza na jina la anayeweka. Nikionekana nimempa mwenye sifuri, watu watanifikiriaje?"

Alikwenda kwa Ngiri, akaambiwa angoje kwanza Kidawa apate za kutosha, ndipo na yeye ataweka. Alikwenda kwa Ngedere, naye akasema yeye huwa anapenda kinachopendwa, asilaumiwe, ndivyo alivyoumbwa. Twiga ndiye aliyekuwa na huruma. Aliinama kumnong'oneza Nguchiro kwamba anakubaliana naye kabisa, mambo haya yamezidi, hizo hesabu zingekuwa siri ya mtu. Lakini shingo ya Twiga ni ndefu, na mpaka mnong'ono ufike chini nyika nzima ilikuwa imesikia. Twiga akanyoosha shingo haraka akasema kwa sauti kwamba alikuwa anazungumzia majani.

Nguchiro alirudi kwake, akakaa juu ya kichuguu, hasira zikamjaa mpaka masikioni. Halafu akasema basi, kama wote wanakubali moyoni, uitwe mkutano.

Mkutano ukaitwa, pale pale ukingoni, kwa sababu hakuna pengine palipokuwa na kivuli. Nguchiro akasimama akasema yake. Hakusema watu wasipendane. Hakusema kokoto zitupwe. Alisema kila mtu achimbe kishimo mahali pake, na anayependezwa atumbukize kokoto humo. Aliyeweka anajua, aliyewekewa anajua, inatosha. Hondohondo apumzike koo. Na maji yanywewe kwa kufuata kiu.

 Kisha Kanga akauliza, sasa yeye atajuaje kama bado ni mzuri? Ngedere akauliza atajuaje ampende nani, kama haoni wengine wanampenda nani? Hondohondo akasema anayetaka idadi zifichwe ni yule ambaye idadi yake ni ya kufichwa, tano kwa mfano. Wakacheka wote. Hata Digidigi alicheka, na huyo alikuwa na mbili.

Mamba akafungua jicho la pili. Akasema yeye hana neno, yeye ni mtu wa haki, na haki ni kupiga kura. Kila mtu aokote kokoto moja. Anayetaka siri aiweke kule juu, peupe, penye jiwe. Anayetaka mambo yabaki wazi aiweke hapa, mbele ya pua yake.

Nawaomba msinicheke mimi, sikuwepo. Walipiga kura ya siri hadharani. Mmoja mmoja, mbele ya lile jicho. Twiga akapita, ko! mbele ya pua. Kanga akapita, ko! mbele ya pua. Ngiri na wafuasi wake wanne, ko, ko, ko, ko, ko! Kule juu penye jiwe kulikuwa na kokoto moja tu, na nyote mnajua ni ya nani.

Wa mwisho alikuwa Digidigi. Alisimama katikati na kokoto yake mdomoni. Akitazama juu, anaona jiwe. Akitazama chini, anaona meno.  Na kwa kukosa pa kuiweka, akaimeza. Ng'wi!

Hondohondo akatangaza kwamba Digidigi hakupiga kura, mkutano ukafungwa. Wote wakatawanyika. Nguchiro peke yake alibaki amekaa, anamtazama Digidigi akijigusagusa koo. Hasira zake zilikuwa bado zipo, lakini sasa zilikuwa zimepata kazi.

Siku iliyofuata, jua la utosini, Mamba alilala amefumba macho yote mawili, kama kawaida yake saa hizo. Nguchiro akatambaa tumbo chini mpaka kwenye lundo lake. Akachomoa kokoto moja, akairusha kichakani. Akachomoa ya pili. Akachomoa ya tatu. Akaenda zake.

Asubuhi Hondohondo akatangaza, "Mamba, elfu moja mia tatu na saba."

Mamba akafungua macho. "Na ngapi?"

"Na saba, Mzee. Jana kumi."

Siku ile Mamba hakula. Alizihesabu mwenyewe, akazihesabu tena. Kumbukeni anazo elfu moja mia tatu na saba, lakini zote hizo hakuziona, aliona zile tatu ambazo hazipo. Mchana akalala kwa uchovu, na Nguchiro akaja. Moja, mbili, tatu. Asubuhi, elfu moja mia tatu na nne. Mamba akapiga mkia chini, pa! akaamuru kila anayepita aweke mbili badala ya moja. Wanyama wakatii, lakini kokoto zilikuwa zimekwisha ukingoni tangu ile kura, wakawa wanazitoa zile zile upande wa nyuma wa lundo lake na kuziweka upande wa mbele. Mchana, moja, mbili, tatu. Asubuhi, elfu moja mia tatu na moja.

Kichuguuni, Kidawa alikuwa hainuki tena. Funda moja kwa siku, na hilo lina ladha ya manyoya. Nguchiro akamlamba uso, akamwambia avumilie mpaka jioni. Kisha akashuka bwawani.

Alimkuta Mamba amelikumbatia lundo lake kwa mkia, macho mekundu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Nguchiro, Mzee. Yule wa kokoto tano. Nimekuja kukupa pole, nasikia umepungua."

"Tisa," Mamba akasema. "Tisa walikuwa wananipenda, sasa hawanipendi. Ni akina nani hao? Nimewakosea nini?"

Nguchiro alimtazama. Aliyemla Kicheche juzi juzi, na nyika nzima inajua, alikuwa anauliza amewakosea nini. Maneno yalimjia mdomoni, makali sana. Akamkumbuka Kidawa, akayarudisha.

"Mzee, wewe hujamkosea mtu. Tatizo lako ni pa kuweka. Una lundo ambalo hakuna aliye nalo, halafu unaliacha nje, kila apitaye anaweza kudokoa."

"Niliweke wapi? Mimi sina kichuguu."

"Una tumbo."

Mamba akafumba kinywa. Alikuwa hajawahi kulifikiria tumbo kwa namna hiyo. Akauliza, zikiwa ndani nani atajua anazo ngapi?

"Hakuna," Nguchiro akasema. "Na hapo ndipo penye raha. Leo Hondohondo akisema elfu moja mia tatu na moja, ni hizo tu. Zikiwa tumboni, nani atakubishia ukisema ni elfu kumi?"

"Elfu kumi," Mamba akasema, polepole, kwa namna ya mtu anayeonja kitu.

"Digidigi ameshaanza. Hukumwona siku ya mkutano? Amemeza. Na tangu siku hiyo mimi sijui Digidigi ana ngapi tumboni. Wewe unajua, Mzee?"

Mamba hakujua. Hakujua Digidigi ana ngapi, na wazo hilo lilimchoma kuliko zile tisa. Akainua kokoto moja kwa ncha ya meno, akaimeza. Ko! Akangoja. Hakuona uchungu. Akameza ya pili. Ko! Akameza ya tatu. Ko! Akameza kumi, akameza hamsini, ko-ko-ko-ko, kinywa wazi, vumbi linamtoka puani. Ilipofika alasiri lundo lake lote lilikuwa ndani na ukingo umebaki mweupe.

Sasa mngedhani ametosheka. Akageuza kichwa, akaliona lundo la Twiga.

"Hizo usiziguse, Mzee," Nguchiro akasema. "Hizo ni za Twiga. Twiga anapendwa kwelikweli."

Akazimeza. Ko-ko-ko-ko! Akaziona za Kanga.

"Hizo usiziguse, Mzee. Kanga ana madoa, wewe huna."

Akazimeza. Ko-ko-ko-ko! Akameza za Ngiri, akameza za Ngedere, akameza za Chiriku. Akameza hata zile mbili za Digidigi. Zikabaki tano.

"Hizo ni zangu, Mzee. Niachie, sina nyingine."

Ko, ko, ko, ko, ko!

"Sasa kanywe maji, Mzee," Nguchiro akasema, "ushushie."

Mamba akajaribu kuinuka. Mguu mmoja ukainuka, tumbo likabaki. Akajikokota, akajiburura, krrr, krrr, tumbo linachora mfereji kwenye udongo, mpaka akafika kwenye maji. Chubwi! Akazama mpaka chini, na mapovu yakapanda, bulu, bulu, bulu. Baada ya muda mrefu zikatokea pua mbili na macho mawili, basi. Akajaribu kupanda ukingoni, tumbo likakataa. Akajaribu tena. Likakataa tena.

Nguchiro hakungoja kuona mara ya tatu. Alikimbia kichuguuni, akamshika Kidawa kwa ngozi ya shingo, akamleta mpaka ukingoni, upande wenye maji machache. Wanyama waliokuwa kwenye foleni wakatoa macho. Hakuna lundo, hakuna aliyejua nani atangulie, wakawa wamesimama tu.

Kidawa akayatazama maji. Hata kwa kiu ile, mtoto hakuinama. "Mama," akauliza, "mimi ni wa ngapi?"

"Wewe una kiu," Nguchiro akasema. "Kunywa."

Kidawa akanywa. Akanywa mpaka tumbo likatuna, akapiga chafya, akanywa tena. Mle kilindini Mamba alimwona vizuri, na hakuweza kufanya lolote. Digidigi akasogea akanywa pembeni yake. Kisha Ngiri, kisha Kanga, kisha wote, bila mpango wowote, na maji yakawatosha.

Asubuhi Hondohondo alitua juu ya mgunga. "Hoo! Ho-ho-hoo!" Akatazama chini. Hakukuwa na cha kuhesabu. Akafunga mdomo, akaufungua, mwishowe akatangaza kwamba jua limetoka. Wote walikuwa wanaliona.

Hapo ndipo hadithi ingeisha, kama wangekuwa na akili. Mchana huo huo Kanga alikuja kwa Nguchiro analia, anataka aambiwe ni ngapi kati ya zile za tumboni ni zake. Ngedere alikuwa anamuuliza Hondohondo kama hawezi kukisia. Twiga akasema hadharani kwamba yeye tangu mwanzo alitaka siri, na akaomba kila aliyekumbuka hilo ashuhudie.

Na siku ya tatu wakaamua kumshukuru Nguchiro. Mnadhani walimshukuru kwa kitu gani? Alitoka asubuhi akakuta mbele ya kichuguu chake lundo la kokoto mpya, wamezifuata mbali, kwenye mto mkavu.

Nguchiro akakasirika. Akasema hawa watu hawafundishiki. Akasema atazitupa sasa hivi. Akazisogelea ili azitupe, na kwa kuwa alikuwa amezikaribia, macho yakapita. Kumi. Ishirini. Thelathini na moja. Na ile ndogo pembeni, thelathini na mbili. Akazirudia, asije akawa amekosea. Kisha akaanza kufikiria nani ameweka na nani hajaweka. Ile nyeupe ni ya Twiga, hiyo inajulikana. Ya Digidigi iko wapi? Alivyomhangaikia Digidigi yule, alivyomzungukia majirani! Akainua shingo, akamtafuta Digidigi kwa macho, na macho yenyewe hayakuwa mazuri.

"Mama," Kidawa akasema nyuma yake, "unahesabu nini?"

Nguchiro akazifunika kwa mkia.

"Ile ndogo ni yangu," Kidawa akasema. "Lakini najua haihesabiwi."

Nguchiro masikio yakamwaka moto. Halafu akazikusanya zote kwa miguu na mkia, akazisukuma mpaka bwawani, akazimwaga. Chubwi, chubwi, chubwi! Mamba alipozisikia zinashuka akafungua kinywa, akazipokea moja moja, ko, ko, ko, kwa furaha kubwa, akazidi kuzama. Thelathini na moja zote. Ile isiyohesabiwa Nguchiro aliichukua mdomoni, akarudi nayo kichuguuni, na alikoiweka hakumwonyesha mtu.

Ndiyo maana mpaka leo Mamba analala ndani ya maji, pua na macho tu nje, na tumboni mwake mna kokoto. Anangoja. Anaamini bado zinakuja.

Bwawa limekauka, mimi na ninyi tupanguse midomo, hadithi imerudi ilikotoka.

— Na utamu ubaki.

Fundisho lake mmelisikia, lakini nitalisema kwa ajili ya wazito. Fundisho ni kwamba kupendwa na wengi ni kuzuri sana kwa afya, na kadiri kokoto zinavyozidi ndivyo mtu anavyotulia. Mtazameni Mamba, tangu siku ile hajagombana na mtu. Kwa hiyo hesabuni kwa bidii, na mkishahesabu, mezeni.

Haya, nendeni mkalale. Ngojeni kwanza, msisimame. Mlikuwa kumi na saba nilipoanza. Sasa naona kumi na sita.

Nani katoka? Na alitoka nilipofika wapi?